Mteja anataka nimfukuze kijana wangu kwa alichoandika kuhusu Muungano

Shangazi, shikamoo.

Nina biashara ya upishi hapa Dodoma, jiko langu liko Area D. Tunapika chai na chakula cha mchana kwa ajili ya semina na vikao, na Bunge la bajeti likianza huwa hatulali. Nimeajiri watu tisa, wote kwa mkataba wa maandishi.

Kijana anayenishikia stoo yuko nami mwaka wa nne sasa. Yeye ndiye anayepima mchele, nyama, mafuta na viungo na kuandika kwenye daftari, na siku za kazi nyingi husaidia kupeleka chakula kwa wateja. Tangu aingie stoo sijapoteza hata kilo moja ya sukari. Kwa kazi sina neno naye. Shida yake ni siasa.

Hivi karibuni aliweka stetasi ndefu WhatsApp kuhusu Muungano. Aliandika kwamba Tanganyika ilifutwa bila watu wake kuulizwa, kwamba mfumo wa serikali mbili unawanyonya watu wa bara, na kwamba yeye anataka Tanganyika irudi na kila upande ujitegemee. Akamalizia kwa kusema wabunge wanaonyamaza ni waoga. Alitumia namba yake mwenyewe, ilikuwa Jumapili, yuko nyumbani kwao Chang'ombe. Ila kwenye picha yake ya profaili amevaa aproni yetu yenye jina la biashara.

Mtu akapiga skrinishoti, ikazunguka hadi ikamfikia afisa wa taasisi moja ambayo ndiyo mteja wangu mkubwa. Afisa akanipigia usiku: "Huyo kijana wako sitaki kumwona akishusha hotpoti hapa kwetu. Na ukitaka tuendelee kufanya kazi, mwondoe kabisa." Nikamwomba anipe muda kidogo. Shangazi, taasisi hiyo ndiyo inayonipa karibu nusu ya mapato.

Mume wangu anasema niamue haraka, mmoja asiwaponze wanane. Kaka yangu anasema kama Spika Ndugai mwenyewe kauli ilimwondoa kwenye kiti, sembuse mtunza stoo. Mdogo wangu anasema Marekani watu wanafukuzwa kila siku kwa walichoposti na hakuna anayeshangaa. Mimi kwa kuogopa nimebandika tangazo ukutani jikoni: "Ni marufuku mfanyakazi yeyote kuzungumza siasa akiwa kazini au nje ya kazi. Atakayekiuka atafukuzwa."

Niseme na hili, usije ukaona nimeficha. Tuna mpishi mmoja mama wa Pemba. Siku hizo za stetasi, kijana alimtania wakati anampimia mchele: "Nyie Wapemba si mmeshatosheka na vyetu? Rudini kwenu mkapike huko." Mama wa watu hakujibu, ni mtu mkimya. Siku hizi haendi stoo mwenyewe, humtuma dogo anayeosha vyombo, na juzi pilau ilitoka bila iliki kwa sababu dogo alisahau na yeye hakutaka kwenda kuomba. Lakini hajalalamika, kwa hiyo naona hilo limepita.

Nimfukuze kijana, au nikubali kumpoteza mteja?

Mwajiri, Area D

*

Marahaba, mwanangu.

Nitaanza na mtu uliyemweka mwishoni. Mteja umemwandikia kirefu, mume, kaka na mdogo wako wote wamepata nafasi, mpishi wako umempa mistari michache kisha ukafunga kwa kusema limepita. Halijapita. Hakuna mpishi anayejiheshimu atakayeacha pilau yake itoke bila iliki wakati iliki ipo stoo. Akifika hapo, ujue kusogea lile dirisha la stoo kunamuuma kuliko aibu ya chakula chake. Na wewe umeyaona yote hayo, hadi kosa la dogo unalikumbuka, ila umeshindwa kuyaita jina lake.

Kutolalamika kwake kusikutulize. Yuko mbali na kwao, bosi wake mbara, mtunza stoo mbara, na bila shaka siku hizo jiko zima lilikuwa linazungumzia stetasi ile. Angemlalamikia nani? Halafu tafadhali usiuite utani. Utani tunaujua sote: huyu anarusha, yule anarudisha, wote wanacheka na kazi inaendelea. Hapa amecheka mmoja, na mwingine ameacha kwenda stoo.

Nimekaa sana hapo kwa sababu barua yako imechanganya mambo mawili ya kijana huyu, na ukiyatenganisha, nusu ya shida yako inakwisha. Kuna alichoandika kwenye simu yake Jumapili akiwa kwao. Kuna alichomwambia mwenzake akiwa kazini, ameshika mizani yako. Mteja anakutaka umwadhibu kwa lile la kwanza. Lililo mikononi mwako kama mwajiri ni hili la pili, na hilo hujaligusa.

Tuangalie sheria inasemaje. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inamkataza mwajiri kumbagua mfanyakazi, iwe waziwazi au kwa kuzunguka. Inataja misingi iliyokatazwa: rangi, kabila au mahali mtu anakotoka, dini, jinsia, ujauzito, ulemavu na mingine, na humohumo yametajwa maoni ya kisiasa. Kifungu hichohicho kinasema kumnyanyasa mfanyakazi kwa misingi hiyo nako ni ubaguzi. Sasa angalia jiko lako. Kijana analindwa kwa anachoamini kuhusu Muungano, mama wa Pemba analindwa kwa anakotoka, na kinachowalinda wote wawili ni kifungu kimoja. Ukimfukuza kijana kwa ajili ya stetasi, umekivunja. Ukinyamazia maneno ya dirishani, umeanza kukivunja upande wa pili.

Mimi ni mtu wa Muungano, na sifichi. Stetasi ya kijana wako ningeisoma ingenikera, na ningemjibu. Lakini hoja aliyoisema si mpya wala si ya uhaini, na mji ulioisikia mara nyingi kuliko mingine ni huu wetu. Mwaka 1993 wabunge 55 walidai serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano, na Mwalimu Nyerere akawapinga kwa nguvu zake zote, kwa hoja. Mwaka 2014 Bunge Maalum la Katiba lilikaa hapahapa Dodoma likiwa na rasimu ya Katiba mpya iliyoandikwa na Tume ya Jaji Warioba, na rasimu ile ilipendekeza serikali tatu: ya Tanganyika, ya Zanzibar na ya Muungano. Wajumbe walilala kwenye nyumba zetu za wageni, wakala chakula chetu, mchana wakabishana jambo hilohilo mbele ya kamera. Bunge lile halikulikubali, lakini lilijadiliwa waziwazi. Leo mtunza stoo akilisema nyumbani kwao, kwa nini akose kazi? Na kuwaita wabunge waoga ni ukali wa maneno tu, wabunge wameshaambiwa makubwa kuliko hayo na bado wanaomba kura.

Kaka yako mjibu hivi. Job Ndugai alitoa kauli yake kuhusu mikopo na deni la taifa mwishoni mwa Desemba 2021, akaomba radhi, na tarehe 6 Januari 2022 akajiuzulu uspika. Angetaka, kaka angeongeza na Aboud Jumbe, aliyejiuzulu urais wa Zanzibar Januari 1984, kwenye kikao cha Halmashauri Kuu ya CCM hapa Dodoma, kwa sababu ya huohuo Muungano. Hao walikuwa na vyeo vya siasa. Kazi yao ilikuwa ni kusema kwa niaba ya watu na chama, na waliowapa imani wangeweza kuiondoa. Kama hilo lilikuwa sawa au halikuwa sawa, watu watabishana. Kijana wako wewe unamlipa apime mchele, na umeandika mwenyewe kwamba hajawahi kukupotezea hata kilo ya sukari.

Mdogo wako naye amesema kweli kuhusu Marekani, ila ameacha nusu. Huko karibu majimbo yote yanamruhusu mwajiri binafsi kumwachisha mtu kazi bila sababu yoyote, ingawa yapo machache yanayolinda siasa za mfanyakazi, na uhuru wa maoni ulio kwenye Katiba yao unaifunga serikali, haumfungi mwenye mgahawa. Kwetu ni tofauti. Kifungu cha 37 cha sheria ileile kinataka uwe na sababu halali na ufuate utaratibu wa haki, na kifungu cha 39 kinasema wewe mwajiri ndiye wa kuthibitisha. Utathibitisha nini? Kwamba ulipigiwa simu usiku? Kijana ameshavuka miezi sita siku nyingi, kwa hiyo ulinzi huo anao. Atakuwa na siku 30 tangu aachishwe kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na huko unaweza kuamriwa umrudishe kazini au umlipe fidia inayohesabiwa kwa miezi ya mshahara. Mumeo anayesema mmoja asiwaponze wanane ajue kwamba hukumu ya namna hiyo nayo italipwa na walewale wanane.

Lakini hata kama sheria isingekuwepo ningekwambia vilevile, na hapa nasema kwa uchungu. Dodoma tunaishi kwa ofisi. Mpishi, dereva, fundi umeme, mwenye vyumba vya kupangisha, wote mwisho wa mwezi wanangoja hela iliyoanzia kwenye ofisi fulani. Ikiwa afisa mmoja anaweza kupiga simu usiku na asubuhi mtu akakosa kazi kwa alichokiwaza Jumapili, basi mji huu utabaki na maoni kwa mwenye shamba lake la zabibu tu. Wewe leo unaombwa uwe mkono wa afisa huyo. Kesho atakuja mteja wa upande mwingine, atakuta mfanyakazi wako amevaa fulana ya kijani, naye atakutaka umwondoe. Utawafukuza wangapi? Mshahara ni malipo ya kazi iliyofanyika. Ukiugeuza kuwa malipo ya kunyamaza, umewanunua watu tisa ambao hawakukuambia wanauzwa.

Na kama yupo anayeona stetasi ile imevunja sheria, ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, wapo polisi, ipo mahakama. Jiko lako si mojawapo.

Sasa ufanye nini.

Lile tangazo libandue leo. Huna mamlaka juu ya mazungumzo ya mtu nje ya kazi, na ukimfukuza mtu kwa kuvunja tangazo lile, tangazo lenyewe ndilo litakalokuwa ushahidi dhidi yako. Lakini una haki ya kuweka utaratibu wa kazini, na uuandike vizuri: aproni na jina la biashara visitumike kwenye mambo ya siasa, simu ya biashara ni ya oda tu, asiyehusika asihutubie wateja tunapokwenda kuhudumia, na hakuna kumdhalilisha mwenzako kwa kabila, dini, chama au kwao. Kijana mwombe abadilishe picha ya profaili. Hilo ni ombi la haki, na mtu mwenye akili atalielewa, kwa sababu jina lile ni la wote tisa.

Kisha muone mpishi. Usimwite ofisini mbele ya watu, msubirie wenzake wakiondoka. Usimuulize kama anataka kulalamika, maana atasema hapana. Mwambie umesikia alichoambiwa, kwamba hakikuwa sawa, na kwamba ulichelewa kukisemea. Muulize angependa nini kifanyike. Huenda akataka kuombwa radhi, huenda akataka tu asipite tena kwenye lile dirisha kwa muda, huenda akakwambia mengine ambayo hukuyasikia. Kama kuna mengine, uzito wa kosa la kijana unabadilika.

Kijana naye aitwe kwenye kikao cha nidhamu, kwa maneno aliyomwambia mwenzake, na hayo tu. Stetasi isiwemo kwenye barua ya wito, isiwemo kwenye maswali, isiwemo kwenye uamuzi. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinakuelekeza: chunguza kwanza, mpe tuhuma kwa maandishi na kwa lugha anayoielewa, mpe muda usiopungua saa 48 ajiandae, na mruhusu aje na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Anayeongoza kikao asiwe mtu aliyehusika na jambo lenyewe. Mumeo hafai kwa sababu ameshahukumu, na wewe umeshazungumza na mteja, kwa hiyo tafuta mtu mzima anayejua kazi na asiye na upande. Kwa kosa la kwanza la namna hii, la maneno, na kwa mtu mwenye rekodi ya kazi kama yake, mimi naona onyo la maandishi na kumwomba radhi mama yule ana kwa ana vinatosha. Akirudia, utakuwa na pa kusimamia.

Zungumza naye pia kama mama anavyozungumza na kijana wa watu. Anayetaka serikali tatu anaweza kuzidai maisha yake yote bila kumfanya mama mmoja wa Pemba ajione mgeni kwenye sufuria anayoipika mwenyewe. Mfumo wa Muungano haukuamuliwa na mpishi wako.

Mteja nimemwacha mwisho makusudi. Kwanza, usimjibu kwa simu. Iandikie taasisi, kwa anwani yake, barua fupi: kwamba umepokea malalamiko kwa simu kuhusu mfanyakazi wako, kwamba kama yanahusu huduma, chakula, usafi au mwenendo wake akiwa kwao, unaomba yaletwe kwa maandishi ili uyafanyie kazi, na kwamba maoni yake binafsi hayawakilishi biashara yako. Usiutetee Muungano wala Tanganyika kwenye barua hiyo. Watu wengi wanaoweza kusema jambo usiku kwa simu hawawezi kulitia saini kwenye karatasi yenye nembo, na inawezekana kabisa afisa yule alikuwa anajisemea mwenyewe. Kwa sasa mtu mwingine apeleke hotpoti pale. Kazi ya kijana ni stoo, kupeleka ni msaada tu, lakini mweleze sababu, na posho yake kama ipo isipungue hata shilingi.

Unaweza kumpoteza mteja. Sitakudanganya kwamba ukitenda haki tenda itabaki. Ila nusu ya mapato kwa mteja mmoja ilikuwa hatari hata kabla ya stetasi, angekuacha siku yoyote kwa bei ya shilingi mia tano kwa sahani. Dodoma ya leo ina vyuo, ina mafunzo kila wiki, ina abiria wa treni ya SGR na wa stendi ya mabasi Nzuguni. Anza kuzunguka na bei zako wiki hii, usisubiri jibu.

Neno moja kwa wasomaji walio serikalini: jibu hili msilichukue kuwa lenu. Ninyi mna Sheria ya Utumishi wa Umma na kanuni zake za maadili. Mtumishi anaruhusiwa kuwa mwanachama wa chama na kupiga kura, lakini hafanyi siasa saa za kazi wala mahali pa kazi, na wanaokiuka wana utaratibu wao wa nidhamu na wa rufaa.

Mwanangu, mpishi kwanza, kikao baadaye, na barua kwa taasisi iwe jambo la tatu. Wakikujibu kwa maandishi, nitumie nakala ukiwa umefuta majina, nami nitakusaidia kuandika ya pili.

Shangazi